Kente ya kufuma au ya kuprinti: geuza nyuma

Umeweka picha ya kente yako, kile kitambaa cha Ghana cha rangi nyingi, ukauliza kama ni ya kufumwa kwa mkono. Ya kuprinti hiyo mkuu, sio ya kufumwa kwa mkono. Cheki pale kwenye picha pindo lilipojikunja, upande wa nyuma rangi imefifia na mchoro hauonekani vizuri, wakati kente ya mkono rangi iko kwenye uzi wenyewe kwa hiyo hata nyuma inawaka.

Ila kipimo kikubwa ni mishono. Wafumaji wa Ghana, Waasante wa kule Bonwire na Waewe pia, hawafumi kitambaa kipana, wanafuma utepe mrefu mwembamba wa kama sentimita 10 hivi halafu tepe zinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka nguo ienee, ya mwanaume ile ya kujitanda inakula tepe zaidi ya 20. Ukipitisha kidole unasikia kabisa kila zinapoungana, na mara nyingi miraba haikutani sawasawa, inapishana kidogo hivi, mimi ndo napapendea hapo. Nimewahi kuzishika zote mbili pamoja, ya mkono ni nzito, ile nyingine ni nguo ya kawaida tu yenye mchoro.

Angalizo, kuna za mashine ambazo nazo zimefumwa na nyuma zina rangi, kwa hiyo usitegemee nyuma peke yake, tafuta mishono. Na muuzaji akisema “kente” sio lazima anadanganya, siku hizi mchoro tu nao unaitwa hivyo hivyo.