Mchoro wa ukoo: anza na wazazi wa mgonjwa

Ukipewa mchoro wa ukoo, unaoonyesha nani katika familia anaugua ugonjwa wa kurithi, usianze kwa kuhesabu wagonjwa. Wazazi wawili wenye AS (wazima wanaobeba nakala moja ya jeni ya siko seli) wana uwezekano wa asilimia 25, kwa kila mimba, wa kupata mtoto mwenye siko seli (SS, yaani nakala mbili). Hata hivyo, katika watoto wanne wanaweza kuugua watatu au asiugue hata mmoja.

Tafuta mgonjwa ambaye baba na mama yake ni wazima. Wakiwa wagonjwa wa namna hiyo ni zaidi ya mmoja, wa kike kwa wa kiume, karibu kila mara jeni ni fifi: mtu huugua akipata nakala mbili. Ndivyo ilivyo siko seli. Ndivyo ulivyo pia ualbino, ila huo una mtego wake: wenzi wawili wenye ualbino unaotokana na jeni tofauti huzaa watoto wenye rangi ya kawaida.

Kisha kagua akina baba wagonjwa na watoto wao wa kiume. Baba humpa mwanawe wa kiume kromosomu Y, hampi X, kwa hiyo hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri), ambayo jeni yake iko kwenye X, haipiti hapo. Chukua ukoo wa Malkia Victoria wa Uingereza: ugonjwa ulitoka kwake ukapita kwa bintiye Alice, kisha kwa mjukuu wake Alexandra, ukamfikia Alexei wa Urusi, aliyezaliwa mwaka 1904. Wanaougua ni wavulana, na wanaowaunganisha ni wanawake wazima. Ukiona sura hiyo, shuku jeni iliyo kwenye X.

Ndoa za binamu zichorwe kwa mistari miwili, maana ndizo zinazovuruga usomaji: wenzi wa ukoo mmoja huweza kubeba jeni ileile. Mwenye SS akioa mwenye AS, kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuugua. Ugonjwa utaonekana kila kizazi kana kwamba jeni ni tawala (nakala moja hutosha kuugua), kumbe sivyo.

Makosa mengi huanzia kwenye mahojiano. Mtu akisema "kaka yangu", uliza: mama mmoja, baba mmoja? Anaweza kuwa mtoto wa baba mdogo. Kwenye mitala, kila mke achorewe mstari wake. Waulizie na watoto waliofariki wadogo, ambao familia huwataja kwa shida. Kwa siko seli, uliza kwa upole kama macho yalikuwa ya manjano, kama viganja na nyayo vilivimba, kama waliongezewa damu. Alama ya aliyefariki chora mstari wa kukata, lakini usiipake rangi, ambayo ni ishara ya mgonjwa, kwa kukisia. Weka alama ya kuuliza.

Sasa hesabu. Ndugu mzima wa mwenye SS, ambaye wazazi wake wote ni AS, hana nusu ya uwezekano wa kuwa AS. Ana theluthi mbili, kwa sababu SS imekwisha kuondolewa na zimebaki AS, AS na AA (asiye na jeni hiyo). Akioa mwenye AS, uwezekano wa kila mtoto kuwa SS ni 2/3 × 1/4, yaani 1/6. Wakipima, matokeo yao ndiyo yanayoshika nafasi ya hesabu hiyo, lakini wasiridhike na kipimo cha haraka kinachoonyesha tu kama seli zinajikunja: hicho hakitenganishi AS na SS. Waombe elektroforesisi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini.