Maswali na majibu: Chupa ya "kuongeza kinga" mnaiuliza tena

Wiki hii maswali mengi ni ya seli T, chembe nyeupe za damu zinazoukinga mwili, na nusu yake yananukia zile chupa zinazouzwa stendi na sokoni. Haya, twende.

Seli T na CD4 zina tofauti gani? (Ujiji)

Unaniuliza tofauti ya samaki na mgebuka. CD4 ni aina mojawapo ya seli T.

CD4 zangu zilikuwa 180, sasa 640. Nipumzike dawa? (Mvuvi, Kibirizi)

Hapana, kaka. Swali hili limenichosha, ila nitalijibu tena. CD4 ni seli saidizi. Kazi yake kubwa ni kuamrisha. Huziamsha seli uaji, zile CD8 zinazoangamiza seli zilizoingiliwa na virusi, na huzisaidia seli B kutengeneza kingamwili. VVU humvamia huyo mtoa amri, ndiyo maana TB hupata mwanya. Hiyo 640 imeletwa na dawa. Virusi vingine vimejificha ndani ya CD4 zilizolala, na ukiacha dawa huanza kuzaliana tena, mara nyingi ndani ya wiki chache. Kliniki uliza pia wingi wa virusi. Na ukienda kambi ya dagaa, beba dawa za kutosha; "nimeziacha nyumbani" sitaki kuisikia.

Mwanangu wa miaka tisa ana kisukari, anachoma insulini. Jirani anasema kinga yake ni dhaifu, nimpe mlonge na asali. (Mama, Kasulu)

Asali! Pole sana mama, lakini jirani huyo asikanyage jikoni kwako. Kisukari cha utotoni kwa kawaida ni aina ya kwanza, na hapo kinga haikupungua, ilikosea adui: seli T zilishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Seli T hukomaa kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Nyingi zinazoonekana kuushambulia mwili wenyewe huuawa humo humo. Zinazoponyoka hutulizwa na seli dhibiti. Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walipata Nobel ya tiba mwaka 2025 kwa utafiti unaohusu seli hizo. Sasa fikiria: chupa ile ingekuwa kweli inaongeza kinga kama inavyosifiwa, si ingemzidishia mtoto? Insulini asiruke hata siku moja. Kama huna friji, ifunge kwenye mfuko usioingiza maji, uitie ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, kivulini.

Nina miaka 62. Muuzaji kasema thaimasi yangu imenyauka, ana dawa ya kuirudisha. (Mwanga)

Shikamoo mzee wangu. Kunyauka, kweli, hata yake inanyauka, maana baada ya balehe tezi hiyo hugeuka mafuta kidogo kidogo. Seli kumbukumbu, zile seli T zinazokumbuka vimelea ulivyokwisha kupambana navyo, ulizojikusanyia tangu utotoni nyingi bado zipo. Dawa yake mwachie mwenyewe. Lakini umeandika pia kwamba kikohozi kina wiki ya tatu: kesho asubuhi peleka makohozi yapimwe TB.