Jibu: Kutafuta mbuta na marafiki msimu huu wa mvua

Ndugu, umeuliza kama mnaweza kutoka Dunga, ufuo wa Kisumu kwenye Ziwa Victoria, kuvua mbuta (sangara) kwa mshipi mvua zikiendelea. Mnaweza, ila tokeni alfajiri. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu na ziwa hutulia; mchana hugeuka ukavuma kutoka ziwani, na kwa kuwa Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo upande huo wa Kisumu, haina kina kirefu, mawimbi huja mafupi, yamefuatana, yakirusha maji ndani ya mashua. Mkiona wingu jeusi na upepo umekata ghafla, kusanyeni mishipi mrudi. Msisubiri radi. Kila mtu avae jaketi la kuokolea na kulifunga, hata anayejua kuogelea. Hilo nakusihi.

Ningekuwa mimi, ningeenda Mbita, mji mwingine wa kando ya ziwa. Kuelekea kisiwa cha Mfangano maji yana kina zaidi, na gugumaji halisumbui kama Kisumu. Buruteni chambo bandia polepole kando ya miamba. Mbuta akinasa huruka juu akitikisa kichwa ili aiteme ndoana. Hapo usilegeze mshipi hata kidogo. Meno yake ni madogo lakini hukwaruza kama msasa, kwa hiyo karibu na ndoana fungeni uzi mnene. Wadogo warudisheni majini, tafadhali.