Maswali ya wasomaji: Mbona ploti zangu zinaangukia mtoni?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo mwaka wa tatu chuo, nafanya utafiti wa mikoko delta ya Rufiji. Nilivuta transekti (mstari wa kupimia) kuanzia ukingo wa kijito kuingia ndani, ploti (kipande cha kupimia miti) kila mita 50. GPS ilishika vizuri pale mwanzo tu, ukiingia ndani namba zinarukaruka, basi nikachukua pointi ya kwanza na mwelekeo wa dira, nyingine nikapiga hesabu kwenye Excel. Sasa nikiziweka kwenye ramani mstari umenyooka safi kabisa, lakini ploti za mwisho ziko ndani ya maji na mimi najua nilikuwa nimesimama katikati ya mikandaa (aina mojawapo ya mikoko). Supavaiza anataka jedwali la kodineti wiki hii. *(Msomaji, Kibiti)*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza uamuzi wako ulikuwa mzuri, chini ya mikoko iliyofunga GPS ya mkononi inaweza kukurusha mita kumi na zaidi, na ploti zako zimepishana mita 50 tu, kwa hiyo pointi moja nzuri ya mahali peupe pamoja na tepu na dira vinakufaa kuliko pointi tisa mbovu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Fanya kwa mita, yaani UTM (mfumo unaoigawa dunia kwa zoni na kutaja mahali kwa mita za mashariki na kaskazini), usifanye kwa digrii. Rufiji ipo zoni 37 kusini. Namba ya mashariki ya ploti ni ile ya mwanzo ujumlishe umbali mara saini ya mwelekeo, namba ya kaskazini ni ile ya mwanzo ujumlishe umbali mara kosaini ya mwelekeo. Angalia hapo, mashariki inakwenda na saini, wengi wanageuza kwa sababu shuleni tulizoea pembe inayoanzia kwenye mhimili wa x, dira inaanzia kaskazini.

Tuchukulie pointi yako ya mwanzo ni mashariki 538600, kaskazini 9137700, na mwelekeo digrii 300. Ploti ya mita 100: saini ya 300 ni hasi 0.866, kosaini ni 0.5. Unapata mashariki 538513.4 na kaskazini 9137750. Basi, ndiyo hiyo.

Sasa ugonjwa wako nadhani ni huu hapa. Excel haijui digrii, inasoma radiani (kipimo kingine cha pembe). Ukiandika SIN(300) badala ya SIN(RADIANS(300)) haikupi erra yoyote, inakupa namba, na namba yenyewe inafanana na ya kweli. Nimekupigia: kwa ile ile ploti ya mita 100 itakusogeza magharibi mita 99.98 na kusini mita 2.2, yaani mstari wako badala ya kupanda kaskazini magharibi umelala karibu magharibi kabisa. Na umbali kutoka mwanzo bado ni mita 100 kamili! Ndio maana ukipima kwenye ramani unaona ploti zimepishana 50, 50, 50, mstari umenyooka, unaridhika. Kosa limejificha kwenye mwelekeo tu, pale mita 100 umeshapotea karibu mita 54, na mita 400 ni zaidi ya 200, unaogelea mtoni. Tena ungeweza kabisa usianguke mtoni, ungeangukia nchi kavu ukapeleka jedwali na hakuna ambaye angejua. Kwa hiyo chagua ploti moja uipige kwa kalkuleta ya mkononi (iwe kwenye digrii) ulinganishe, halafu weka mstari juu ya picha ya setilaiti uone kama unakwenda kule ulikokwenda kwa miguu.

Jingine ni dira. Sindano inaelekea kaskazini ya sumaku, ramani inafuata kaskazini yake. Pwani yetu sindano inavutwa digrii chache magharibi, kwa hiyo hizo digrii unazitoa kwenye usomaji wa dira kabla ya hesabu. Kiasi kinabadilika mwaka hadi mwaka, tafuta cha mwaka uliopima, kuna kalkuleta za bure mtandaoni. Usidharau, digrii moja tu kwenye mita 500 inakupeleka pembeni karibu mita 9. Ile tofauti ya kaskazini ya kweli na kaskazini ya gridi (mistari ya UTM kwenye ramani) hapo Rufiji achana nayo, mko karibu sana na longitudo 39 ambayo ndiyo katikati ya zoni, ni ndogo mno.

Na tepu je, uliipitisha juu ya mizizi au uliizungusha? Kwenye mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayoshuka kutoka shinani kama nguzo, watu wanazunguka wanaandika 50 wakati kwa mstari ni 44. Ukirudi, subiri maji mafu, shika mtu mmoja asimame na dira nyuma amwelekeze wa mbele, na mwisho wa mstari kama kuna uwazi chukua GPS tena, muda mrefu, ulinganishe na hesabu.

Nasisitiza hivi kwa sababu kwenye mikoko mita 50 ni msitu mwingine. Mlilana unakaa mbele kabisa maji yanakopiga kila siku, mkoko na msinzi nyuma yake, mkandaa ndani zaidi ambako maji hayafiki kila mara. Ukisogeza ploti kwenye ramani umesema mkandaa unaota mahali ambapo hauoti, na atakayekuja miaka kumi baadaye kupima kama msitu umesogea atapima kosa lako. Kwenye jedwali usimpe supavaiza kodineti tupu. Weka pointi ya mwanzo, umbali, dira ilivyosoma, ulichosahihisha, tarehe, zoni na datamu (kielelezo cha umbo la dunia ambacho namba zimepimiwa), ili mtu akitaka arudie hesabu yote mwenyewe.

SWALI: Habari za kazi. Nina ripoti ya zamani ya ploti za miti Usambara Mashariki, zina UTM. Nikiweka kwenye simu zinanipeleka bonde lingine kabisa, kama mita 300 hivi. Waliopima walikosea? *(Msomaji, Muheza)*

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hapana, usiwalaumu. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960, simu yako inatumia WGS84, na kati ya hizo mbili kuna karibu mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Kwenye QGIS (programu ya ramani) zifungue kama EPSG:21037, namba ya utambulisho ya Arc 1960 zoni 37 kusini, kisha zisafirishe kwenda EPSG:32737, ya WGS84 zoni hiyo hiyo. Usizibadilishe jina tu la mfumo, hapo namba zitabaki zile zile na bonde litabaki lile lile. Na kama ripoti ina digrii, dakika na sekunde, kumbuka dakika unagawa kwa 60 na sekunde kwa 3600: 7°48'30" ni 7.8083, wapo wanaoandika 7.4830 wanajikuta kilomita 36 mbali. Kusini weka hasi.

SWALI: Mambo. Tunasampo mito ya msitu wa Mau huku Kenya, baadhi ya pointi ziko Njoro na nyingine karibu na Nakuru mjini. Kwenye chati ziko mbali kilomita mamia, si ni jirani tu? *(Msomaji, Njoro)*

JIBU: Poa. Ni jirani, ila longitudo 36 inapita katikati yenu. Njoro ni zoni 36, Nakuru mjini ni zoni 37, na ukivuka huo mstari namba ya mashariki inaanguka kutoka karibu 834,000 hadi karibu 166,000. Mmechanganya zoni mbili kwenye safu moja. Rudisheni zote kwenye digrii za desimali, tarakimu tano baada ya nukta (ya tano ni kama mita moja), halafu mzigeuze zote kwenda zoni moja hata kama nyingine zitatoka nje ya mpaka wake kidogo, kwa umbali huo haina shida. Na zile data shiti za fildi ongezeni safu ya zoni kabla hamjaenda tena.