Mshubiri: tenganisha ute na utomvu kwanza

Matatizo mengi ya mshubiri, au alovera kama wengi wanavyouita, hutokana na kulichukulia jani lake kama dawa moja. Katikati ya jani kuna ute unaong'aa kama kioo. Huo ndio wa kupaka ngozini. Chini tu ya ganda la kijani kuna utomvu wa manjano, mchungu, wenye kemikali iitwayo aloini, ambao huharisha vibaya. Anayesaga jani zima akanywa, amekunywa vyote viwili.

Hakikisha kwanza ni mmea wenyewe. Jamii za mishubiri ni mamia, na chache kati yake zina sumu kali, kwa hiyo usikate porini kwa kukisia.

Chukua jani nene la nje, la chini, kutoka mmea uliokomaa. Likate karibu na shina, kisha lisimamishe kwenye glasi, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika 15. Utomvu ukiwa bado unachuruzika, ngoja zaidi. Lioshe, ondoa miiba ya pembeni, menya ganda kwa kisu, halafu suuza ule ute mpaka umanjano uishe. Kuna wanaokwangua ganda kwa kijiko ili kisipotee kitu: hapo ndipo utomvu unaporudi, na ngozi huanza kuwasha. Ukimenya, acha ute kidogo ubaki kwenye ganda. Hiyo si hasara.

Kabla ya kupaka eneo kubwa, jaribu kidogo upande wa ndani wa kiwiko na usubiri saa 24. Mwenye mzio wa vitunguu au vitunguu saumu awe mwangalifu zaidi.

Kwa aliyeungua, tiba ya kwanza ni maji baridi ya bomba, si barafu, yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Mshubiri huja baadaye, tabaka jembamba mara 2 au 3 kwa siku, na ni kwa ngozi iliyo nyekundu tu, ambayo haijachubuka. Usiupake kwenye malengelenge yaliyopasuka, kidonda kirefu wala mshono wa upasuaji. Jani la nyumbani lina vijidudu hata likioshwa vipi. Ngozi iliyogeuka nyeupe au nyeusi na haiumi ni kazi ya hospitali, haraka.

Ute uliobaki hukaa kwenye friji siku chache, ndani ya chombo safi chenye kifuniko. Ukibadilika rangi au kunuka, tupa.

Kuunywa hatushauri. Kuharisha si ushahidi kwamba mwili umesafishwa. Ni utumbo uliochokozwa, unaopoteza maji na potasiamu. Ndiyo maana utomvu ni hatari kwa anayetumia dawa za kukojoza au digoksini ya moyo, na gramu 1 kwa siku, kwa siku kadhaa mfululizo, inaweza kuharibu figo. Marekani iliondoa madukani dawa za kulainisha choo zenye utomvu huo mwaka 2002. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiunywe kabisa. Mwenye kisukari anayetumia dawa, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi.

Aliyekwisha kunywa na sasa tumbo linamsokota, au anaharisha mfululizo, aache mara moja, anywe maji yenye chumvi maalumu za kurudisha maji mwilini (ORS), na akifika kwa daktari ataje mshubiri bila kuona haya, pamoja na dawa nyingine zote anazotumia.