Nguzo za Mkunazini: kwa mliosimikwa juzi

Wewe uliyesimikwa juzi kuwa mzee wa kanisa, kiongozi wa vijana au mtunza fedha hapa Unguja, na wewe uliyehamishiwa Pemba kikazi ukakuta waumini wachache wakakukabidhi uongozi kabla hujafungua mizigo, nina neno nanyi. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na saba. Ninayoandika hapa niliyajua kwa kuumia.

Ukipata wasaa, nenda Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini. Jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya 1873, mwaka uleule Sultani Barghash alipokubali kufunga masoko ya watumwa, na kanisa likajengwa palepale sokoni. Altare, husimuliwa, imesimama palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Wageni wengi hupiga picha hapo wakaondoka. Wewe rudi nyuma, upande wa kisima cha ubatizo, uziangalie nguzo. Wanaotembeza wageni husema Askofu Edward Steere alikuwa safarini mafundi walipozisimamisha, wakazipindua, kichwa chini na kitako juu. Ziko hivyo mpaka leo, na paa halijaanguka.

Nimezitazama nguzo zile mara nyingi, na kila mara nilijiona. Kiongozi aliyepinduka ndani haanguki siku hiyo. Ibada zinaendelea, kwaya inaimba, sadaka zinahesabiwa, watu wanakuambia, "Mzee, leo tumebarikiwa." Samsoni naye aliinuka akidhani atajinyosha kama siku zote, hakujua kwamba Bwana amekwisha kumwacha. Kinachonitisha katika habari ile ni huko kutojua kwake, kuliko hata nywele na Delila.

Kwangu mimi ilianza na alfajiri. Jirani yangu ni Mwislamu, mzee mwenzangu, na dirisha langu linatazama njia ya msikiti. Adhana ikitoka, nasikia kitasa chake, kisha makubadhi yake yakipita chini ya dirisha. Miaka ya mwanzo sauti ile ilikuwa ikiniamsha na mimi nipige magoti. Kisha nikawa naisikia na kugeukia ukutani. Mwaka mzima, pengine zaidi. Na Jumapili nilisimama mbele za watu nikiwahimiza waamke mapema waombe! Maneno yalikuja vizuri, maana nilikuwa nimeyazoea. Mtu akishazoea kusema mambo ya Mungu anaweza kuyasema muda mrefu sana bila kuzungumza na Mungu mwenyewe.

Ukavu ule wa moyo ulipata tundu la kutokea, nalo lilikuwa fedha. Nilikuwa natunza mfuko wa wagonjwa, peke yangu, kwa sababu niliaminiwa. Ada ya skuli ya binti yangu ilipofika nikachukua shilingi laki moja na themanini nikijiambia nitazirudisha mwisho wa mwezi. Ijumaa moja mama mmoja wa kanisa letu akaja nyumbani. Mtoto wake alikuwa ameandikiwa kwenda Dar es Salaam kwa vipimo, naye hakuwa na nauli ya boti. Nikamjibu, "Mwanangu, njoo Jumatatu, taratibu hazijakamilika." Taratibu! Mfuko ulikuwa mtupu. Nilikopa kwa watu, Jumatatu nikampa, mtoto akaenda, akatibiwa. Hesabu zikakaa sawa na hakuna aliyejua.

Hapa ndipo ninapotaka mkae nami, kwa sababu wengi hudhani toba ni kule kujisikia vibaya. Nilijisikia vibaya, nikalia usiku, nikamwambia Mungu anisamehe, nikaendelea na kazi. Linganisheni Sauli na Daudi. Wote wawili walitamka kwamba wamekosa. Lakini Sauli, akiwa bado mbele ya Samweli, aliongeza ombi: uniheshimu sasa mbele ya wazee wa watu wangu. Alitaka msamaha na kiti chake vyote pamoja. Daudi aliambiwa na Nathani, "Wewe ndiwe mtu huyo," akajibu tu kwamba amemfanyia Bwana dhambi. Hakutaja Bathsheba, wala vita, wala uchovu wa ufalme. Toba yangu ya usiku ilikuwa ya Sauli. Nililia huku nimeshikilia heshima yangu kwa mikono miwili.

Nilimwendea mchungaji miezi mingi baadaye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: "Umeniambia mimi. Yule mama je?"

Nilimkuta uani, juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nikamweleza yote, bila kutaja ada ya skuli, maana nilijua nikiitaja nitakuwa najitetea. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mzee, siku zile tatu sikulala." Hakuongeza neno. Nilikuwa nimezirudisha zile laki na themanini, lakini siku tatu za mama aliyekesha na mtoto mgonjwa nitazirudisha kwa njia gani? Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, na zamani niliona ni shangwe iliyopita kiasi. Sasa namwelewa.

Basi fanyeni hivi mapema, kabla hamjaaminiwa kupita kiasi. Fedha ya kanisa ihesabiwe na watu wawili na daftari lisomwe mbele ya wengine kila mwezi, hata kama wewe ni mwaminifu, na hasa watu wakikuambia hakuna haja. Tafuta mtu mmoja mwenye ruhusa ya kukuuliza, "Umeomba wiki hii, au umeongoza maombi tu?" Asiwe mtu wa chini yako. Ukikosa, ungama kwa kadiri ya kosa lilivyoenea: la moyoni kwa Mungu, la mtu kwa mtu huyo, la kanisa mbele ya kanisa. Wala usiogope kwamba majirani wasio Wakristo watatudharau wakisikia. Sisi ni wachache visiwani na tunatazamwa, ni kweli. Lakini neno toba wanalijua, tumelipokea wote kutoka Kiarabu, na sijawahi kuona mzee wa mtaa akimcheka mtu aliyerudisha haki ya mtu.

Mchungaji alinipumzisha miezi sita. Jumapili ya kwanza nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, katikati ya kina mama wenye watoto wachanga. Somo lilisomwa na kijana anayejikwaa kwenye majina. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sikuwa na zamu, wala tangazo, wala funguo mfukoni. Nililisikiliza lote.