Jibu: NVDA iko kimya kwenye PDF ya notisi

Mwalimu wa Tabora, umeuliza kwa nini NVDA, programu inayowasomea wasioona maandishi ya kompyuta kwa sauti, haisomi notisi ulizoskani. Kurasa hizo ni picha tu, hazina herufi. Zipitishe kwenye programu ya OCR, yaani inayogeuza picha ya maandishi kuwa herufi, kisha uhakiki mwenyewe, hasa namba: 1 hugeuka l, 0 hugeuka O. Kwenye hesabu hilo ni balaa.

Vichwa usivikoleze wino tu. Viwekee mtindo wa Heading 1 na Heading 2 kwenye Word, ili mwanafunzi akibonyeza H aruke hadi kichwa kinachofuata. Mchoro uandikie maelezo kwenye Alt Text, ambayo NVDA huyasoma mahali pa picha.

Kuhifadhi, tumia Save As PDF. Ukipitia Print to PDF, mitindo yote hiyo inapotea. Mwenye uoni hafifu mpe faili la Word, akuze maandishi mwenyewe.